Kichwa Wazi Mbele ya Chungu

Wiki iliyopita tulimwacha mzee Enoch Yarnall ameshika pembe ya shuka iliyofunika picha. Shuka imekwisha kuanguka. Mdomo wa mzee u wazi kiasi cha kupitisha andazi zima, na mpaka leo hajaufunga.

Tusimchoshe. Tuendelee.

Alichokiona juu ya turubai lile kilikuwa soko la Filadelfia, asubuhi ya baridi kali, kwenye kona ya nguzo ya mwisho, na chungu kikubwa cha supu ya pilipili kikifuka mvuke. Nyuma ya chungu alisimama Ketura Gibbs, upawa mkononi na kilemba cheupe kichwani, kama alivyosimama katika kona hiyo tangu bahari ilipomchukua mumewe. Mbele ya chungu, juu ya pipa dogo lililopinduliwa, alikaa mzee Yarnall mwenyewe: bakuli mdomoni, macho yamefumbwa, na kofia yake pana imetulia gotini.

Gotini, msomaji. Si kichwani.

Kipara chake kiling'aa kama yai lililomenywa.

Ketura halisi alikuwa kando ya dirisha, na upawa halisi mkononi. Alipanda chumbani humo, juu ya duka la fundi matandiko ya farasi, kwa kuwa mchoraji alitaka kumalizia mvuke, na mvuke, kwa maneno yake, hauchorwi kwa kumbukumbu. Kwa hiyo sufuria ya supu ilikuwa ikitokota juu ya jiko la chumba. Chungu kikubwa alikiacha ng'ambo ya barabara, chini ya ulinzi wa jirani yake Bi. Zook, mwuza siagi. Kila baada ya muda alichungulia dirishani kukitazama, kama mama amchunguliavyo mtoto aliyelala.

"Kofia yangu iko wapi?" mzee Yarnall akauliza hatimaye.

Mchoraji, kijana wa Kijerumani aitwaye Leberecht Stoll, alimtazama kwa huruma. "Ipo kichwani mwako, Mheshimiwa."

"Usiniite Mheshimiwa. Nauliza katika picha."

"Aa. Gotini." Stoll akatabasamu. "Imekaa vizuri pale, sivyo? Ukingo wake ulinitoa jasho siku nzima."

Walioanza kuifuata hadithi hii leo na waelewe jambo moja. Marafiki, watu wa dini ya mzee Yarnall, hawamvulii mtu kofia. Si gavana, si jaji, si mfalme. Kofia ya Rafiki huvuliwa kwa heshima ya Mmoja tu, pale anapomwomba kwa sauti. Akiivua mbele ya kiumbe, amempa kiumbe kilicho cha Mungu. Akiivua mbele ya supu, hata wazee wa Mkutano, yaani kusanyiko lao, hawana jina la kosa hilo, kwa sababu tangu dunia iumbwe hakuna aliyelifikiria.

"Babu wa babu yangu," mzee Yarnall akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "alifungwa gerezani Uingereza kwa kukataa kumvulia hakimu kofia. Aliingia na meno, akatoka bila meno. Kofia ikabaki kichwani. Nawe, kijana, umenivua mimi mbele ya matumbo ya ng'ombe."

"Na kwato," Ketura akasema. "Bila kwato supu haishiki."

"Nakushukuru, Rafiki Ketura. Na kwato." Akamgeukia tena mchoraji. "Kuchorwa bila ruhusa ningeweza kukuvumilia. Hili siwezi. Niambie kweli. Uliniona nikifanya hivi?"

Stoll akafungua kinywa.

Ketura akamkanyaga mguu.

Hapana budi tuseme alimkanyagia nini, maana mwanamke huyu hakuwa na desturi ya kukanyaga watu. Aliikumbuka vizuri asubuhi ile ya Februari. Mto Delaware ulikuwa umeganda, na mzee Yarnall alikuwa ametoka kumzika ndugu yake. Alikuja mpaka kwenye chungu akitembea kama mtu asiyejua miguu inampeleka wapi, akaketi juu ya pipa, akanywa bakuli zima bila kupumua. Halafu akaivua kofia, akaiweka gotini, akafumba macho, akasema "ahsante" kwa sauti iliyosikika mpaka kwa Bi. Zook. Ketura alimwongezea upawa wa pili bila kuulizwa.

Mzee aliivua, basi. Ketura aliona, na mchoraji, aliyekuwa amejibanza nyuma ya nguzo na kaa lake la kuchorea, aliona pia. Aliyeonekana kutokumbuka ni mzee peke yake, na Ketura hakuona sababu ya kumkumbusha.

"Ee..." Stoll akasema, akiuvuta mguu wake. "Niliongeza mwenyewe. Kwetu mtu akila hukaa kichwa wazi. Ni adabu."

Mzee Yarnall akashusha pumzi. Aliishusha haraka mno, Ketura akaona. Haraka kama mtu aliyehofia jibu jingine.

"Basi irudishe."

"Haiwezekani."

"Kwa nini isiwezekane? Ni kofia. Ipake kichwani."

"Mzee wangu," Stoll akasema, na sasa alikuwa amesahau adabu za kwao na za kwetu, "hicho kipara ndicho jua la picha yangu. Tazama. Mwanga wote unatoka hapo. Unatoka kichwani mwako, unaupiga mvuke, unapanda mpaka usoni mwa Shangazi Ketura. Nikikifunika, uso wake unaingia gizani. Nimetafuta kipara cha namna hiyo mji mzima. Nimevifuata vipara mpaka bandarini, vingine vilitaka kunipiga."

Mzee hakujua ashukuru au akasirike. Alichagua kuketi.

"Rafiki Stoll, imani yangu hainiruhusu kumtisha mtu. Nasema tu jinsi mambo yalivyo. Jana Toby Rusk alileta hapa mifupa yako ya kuchemshia gundi. Alichungulia chini ya shuka."

Ketura akageuka. Rusk alikuwa mwuza nyama wa nguzo ya pili kutoka mwisho, mtu mwenye mikono kama mapaja, ambaye kwa miaka mingi aliitamani nguzo ya mwisho ili aweke gogo lake la kukatia nyama. Kila Jumamosi alipita kwenye chungu akinusa, akawaambia wateja: "Angalieni nywele humo. Ukikutwa unywele mmoja tu chunguni, sheria ya soko ni moja: mwuzaji anafungasha siku hiyo hiyo." Unywele haujapata kuonekana. Ndiyo maana ya kile kilemba, kilichofungwa kwa nguvu hata nyusi zilipanda.

"Alichungulia, akacheka," mzee akaendelea, "na asubuhi hii ameonekana nyumbani kwa Hezekia Maule. Nyote mnamjua Maule. Anakuja naye hapa. Maule akiiona picha hii, nitatakiwa nijieleze mbele ya Mkutano, na Rafiki anayetakiwa kujieleza haketi katika kazi yoyote ya umma mpaka amalize. Leo alasiri, ikilia kengele, halmashauri ya soko, ambayo mimi ni mjumbe wake, inaamua kona ya nguzo ya mwisho ni ya nani. Nisipoketi mimi, ataketi shemeji yake Rusk."

Sufuria peke yake ndiyo iliyoendelea kuzungumza.

Ketura aliitazama picha. Nyumbani alikuwa na kioo chenye ufa kilichompa sura kwa vipande: leo jicho, kesho kidevu. Hakuwahi kujiona mzima. Mwanamke yule nyuma ya chungu alikuwa na mashavu yaliyoshiba mwanga na macho ya mtu anayejua anachokifanya. Alimpenda mara moja.

"Ipake kofia, mwanangu," akasema.

"Shangazi, utapotea gizani."

"Gizani nimekaa sana, napajua. Lakini supu bila kona sijapata kuuza. Nikifukuzwa pale, utakula wapi wewe? Kwa Rusk? Rusk atakupa mifupa uliyokwisha kuchemshia gundi."

Stoll akasema maneno ya Kijerumani ambayo gazeti la heshima halitayapiga chapa, hata kama lingeyajua. Kisha akashika brashi.

Ilipandishwa kofia. Mzee Yarnall alisimama nyuma ya bega lake, akisimamia kama msimamizi wa ujenzi.

"Ukingo uwe mpana zaidi."

"Ukizidi hapo ni mwavuli."

"Yangu ni pana kuliko hiyo."

"Yako imelala na mvua. Hii ni mpya."

"Rafiki, mimi sina kofia mpya. Usinivike majivuno."

Stoll akaikunja kofia kidogo, akaipaka vumbi, akaitia mkunjo wa mvua. Kipara kikazama kama mwezi unaomezwa na wingu, na mashavu ya Ketura yakazama nacho. Gotini, palipokuwa na kofia, sasa palikuwa na doa la rangi ya udongo ambalo mtu angeweza kulidhania leso, au paka.

"Sasa huyo ndiye mimi," mzee Yarnall akasema.

Ngazi zikalia.

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Ngazi za nyumba ile zililia kwa kila mtu, lakini kwa Toby Rusk zililalamika.

Aliingia yeye kwanza, aproni yake bado ina damu ya asubuhi, na nyuma yake akaingia Hezekia Maule, mzee wa Mkutano. Huyu alikuwa amepita miaka sabini, mrefu, mkavu, mwenye nywele nyeusi nzito zilizoshuka kutoka chini ya kofia mpaka masikioni. Watu walipozistaajabia, yeye alisema ni matunda ya maji baridi na kulala mapema. Mwezi uliopita alimwondoa msichana mkutanoni kwa sababu ya utepe wa buluu. Urembo, alimwambia, ni ulimi wa Shetani uliopakwa asali.

"Amani kwenu," Maule akasema.

"Na kwako, Rafiki Maule," wakajibu.

"Shangazi wa matumbo," Rusk akasema, akimwinamia Ketura kwa dhihaka. "Umekuja kuaga kona yako ukiwa juu? Umefanya vyema. Kutoka dirishani inaonekana ndogo, haitakuuma."

"Bwana Rusk, punguza kuinama. Aproni yako inadondosha."

Rusk akacheka, akamshika Maule kiwiko, akamleta mbele ya picha. "Haya, Mzee. Tazama mwenyewe. Kichwa wazi mbele ya..."

Hakumaliza. Aliikodolea macho kofia ile pana, yenye vumbi, yenye mkunjo wa mvua.

"Naona kofia," Maule akasema.

"Jana haikuwapo."

"Leo ipo."

"Jana ilikuwa gotini, nakuapia kwa..."

"Usiape. Sisi hatuapi."

"Basi siapi, nasema. Ilikuwa gotini. Kichwa kilikuwa kinang'aa kama kitovu cha malaika."

"Malaika hana kitovu," Maule akasema, baada ya kufikiri.

Ketura alianza kuamini kuwa siku hiyo ingeisha salama. Ndipo Hezekia Maule akanyoosha kidole chake kirefu, akakigusisha kwenye ukingo wa kofia, akakirudisha mbele ya macho yake.

Kidole kilikuwa cheusi.

"Rangi mbichi," akasema. "Enoch, kofia hii imevaliwa lini?"

Hapa ndipo mtu mwingine angesema uongo, na hadithi yetu ingekwisha mapema. Lakini mzee Yarnall aliishi miaka yake yote bila kuusema, na uzeeni ni shida kujifunza ufundi mpya.

"Sasa hivi," akajibu. "Kwa maombi yangu. Kijana huyu ameniambia aliiweka gotini kwa kubuni, kwa adabu za kwao."

"Na je, alibuni?"

Mzee Yarnall akaushika ukingo wa kofia yake.

"Nimeuliza, Enoch. Sokoni, siku ile, kichwa chako kilifunikwa?"

Mzee Yarnall alitazama sakafu. Maule akamgeukia Ketura, na macho yake yalikuwa kama misumari.

"Rafiki Ketura. Wewe ulishika upawa. Ulimwona. Nawe ni mtu wa kanisa."

Ketura aliisikia kona yake ikiteleza chini ya miguu. Akisema aliivua, mzee haketi, na Rusk anaweka gogo lake kabla jua halijashuka. Akisema hakuivua, ni uongo, na uongo huo angeusema mbele ya mzee Yarnall, ambaye hata kujiokoa mwenyewe alikataa kuusema.

"Rafiki Maule," akasema polepole, "kule kwangu, mwuzaji akitazama vichwa vya watu, mabakuli yanaibwa. Mimi natazama mabakuli. La kwake alilirudisha. Tena alilirudisha safi."

Rusk akapiga paja. "Hilo si jibu."

"Ni jibu la mwuza supu."

"Inatosha," mzee Yarnall akasema. "Mwacheni."

Alikuwa amesimama. Ketura hakupata kumwona amesimama wima namna ile.

"Niliivua. Kijana hakubuni; alijua mguu wake umekanyagwa na nani, na mimi pia niliona, nikajifanya sikuona. Nilitoka kumzika ndugu yangu Isaya. Tangu usiku aliokufa sikuwa nimelia wala kuomba. Moyo ulikuwa kama mto siku ile. Nikanywa supu ya Ketura, na pilipili zikafika mahali ambapo hakuna hubiri lililofika. Nikavua kofia nikasema ahsante."

"Ulimwambia nani?" Maule akauliza.

"Hilo ndilo sijui."

"Hujui?"

"Nimejiuliza tangu Februari. Kama nilimwambia Mungu, nilikuwa nikiomba, na kofia ilivuliwa kwa haki. Kama niliiambia supu, mimi ni mwabudu sanamu, na sanamu yangu ina kwato."

Stoll alikuwa ameacha kupumua. Rusk, kwa upande wake, alikuwa akipumua kwa wote.

"Basi imekwisha," Rusk akasema. "Amekiri. Haketi leo. Nikamwambie shemeji avae koti."

"Hajakiri kosa," Maule akasema. "Amekiri shaka. Shaka lazima ipimwe."

"Inapimwaje, Mzee? Utaiuliza supu?"

Ketura alikwisha kuinua kifuniko cha sufuria.

"Kwa nini asiiulize?" akasema. "Ipo hapa. Ni ile ile: matumbo yale yale, kwato zile zile, pilipili za mwanamke yule yule wa visiwani ninayenunua kwake siku zote. Rafiki Maule anywe. Kama ni supu ya kumfanya mtu aabudu chungu, atajua. Kama ni ya kumkumbusha mtu Mungu wake, atajua pia. Nani mwingine mji huu ana kichwa kigumu cha kutosha?"

Maule alilitafakari jambo hilo. Hakuona mahali palipoandikwa kwamba ni haramu.

"Kidogo," akasema.

Ketura hakumpa kidogo. Alichovya mpaka chini, kule pilipili zinakolala, akamjazia bakuli. Maule alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa kama mtu anayenusa barua ya adui, akanywa.

Hakikutokea kitu.

Akanywa tena. Rusk akatabasamu. Nyuma yao Stoll alikuwa amechukua kitambaa, na bila kumwuliza mtu alianza kuifuta kofia mbichi juu ya turubai, taratibu, kutoka ukingo kwenda katikati.

Funda la tatu, masikio ya Maule yakawa mekundu. La nne, jasho likachomoza chini ya kofia na kushuka kwenye pua yake ndefu. La tano, macho yakajaa maji. Alisimama akitazama mbele, wala hakutazama chumba. Alikuwa akitazama kitu kilichokuwa mbali sana, pengine mama yake.

"Isaya Yarnall," akasema kwa sauti iliyopasuka, "alikuwa mtu mwema. Sikwenda kumzika. Nilisema nina mafua."

Bakuli likashuka. Mkono wa kulia wa Hezekia Maule ukaanza kupanda. Ulipita kidevu, ukapita sikio, vidole vikaukamata ukingo wa kofia.

Ketura alielewa mara moja, na Rusk alielewa nusu ya pumzi baadaye. Kofia ile ikitoka, Maule hatakuwa na neno la kumhukumu Yarnall, Yarnall ataketi, kona itabaki na mwenyewe. Ukubwa wa jambo zima ulikuwa umelala kati ya vidole vinne vya mzee mmoja mkavu.

Rusk akafanya lile ambalo hakuna mwuza nyama aliyepata kumfanyia mzee wa Mkutano katika mji huo. Alimrukia, akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya kofia, akaikandamiza.

"Mzee, subiri," akasema. "Fikiri kwanza. Ni pilipili tu hiyo. Itapita."

"Rafiki Rusk."

"Itapita, nakwambia. Kunywa maji."

"Rafiki Rusk, ondoa mikono yako kichwani pangu." Machozi yalikuwa yakimtiririka, na bado uso wake ulikuwa mkavu kama hati ya mahakama. "Kuna jambo nataka kumwambia Mungu."

Mzee Yarnall akaona haya kwa niaba ya dunia nzima, akamshika Rusk mkono wa kushoto. Ketura akamgonga wa kulia kwa upawa. Mikono ikaachia, na Maule, aliyekuwa akivuta kwa nguvu zake zote, akavuta.

Kofia ilitoka.

Lakini haikutoka peke yake.

Zile nywele nyeusi, nzito, zilizolelewa kwa maji baridi na kulala mapema, zilitoka nayo, zimeng'ang'ania jasho na bitana, zikakaa ndani ya kofia kama paka aliyelala kapuni. Juu ya Hezekia Maule kilibaki kipara kilichokishinda hata kile cha Yarnall. Kilipokea mwanga wa dirisha, kikaupeleka ukutani.

"Mungu wangu," Stoll akanong'ona. "Viwili." Akatafuta kaa lake kwa kupapasa, bila kuondoa macho.

Maule hakujifunika. Alisimama hivyo hivyo, midomo ikicheza, akimwambia Mungu jambo ambalo halikuwa letu. Mzee Yarnall akavua kofia yake naye, akasimama kando yake, na kwa muda vichwa viwili viliwaka chumbani humo bila aibu.

Ketura alikuwa karibu kucheka, au kulia. Ndiyo maana alichelewa kuona.

Rusk hakuwa akiomba. Alikuwa ameinama, ameiokota kofia ya Maule pale ilipoangukia, ameitazama ndani. Sura yake ilibadilika, kama sura ya mtu aliyekuwa akitafuta kijiti cha kumpigia nyoka akapewa bunduki.

"Miaka yote hii," akasema, "natafuta unywele mmoja tu."

Naye akatoka mbio na kofia kifuani. Ngazi zilipiga kelele moja ndefu.

"Bwana Rusk," Ketura akaita. "Bwana Rusk, hizo ni za Mzee."

Barabarani kengele ya halmashauri ikaanza kulia.

"Nenda, Rafiki Ketura," mzee Yarnall akasema. "Mimi nitaketi, nakuahidi. Lakini likikutwa jambo chunguni, hata nikiketi sitakuwa na la kusema. Sheria ni sheria, kwa rafiki na kwa adui."

Ketura hakungoja neno la mwisho. Alikunja sketi kwa mkono mmoja, upawa umo katika mwingine, akashuka ngazi mbili mbili, umri wake haukumbuki tena.

Kwenye ngazi ya mwisho, mlangoni pa fundi matandiko, akaikuta kofia ya Hezekia Maule imelala kifudifudi.

Akaigeuza. Ilikuwa tupu.

Akainua macho. Ng'ambo ya barabara, Bi. Zook alikuwa amekipa chungu mgongo, akimpimia mteja siagi. Kando ya nguzo ya mwisho, katikati ya mvuke, alisimama Toby Rusk. Mkono wa kushoto ulishika kifuniko cha chungu. Wa kulia ulikuwa juu ya supu, umenyooka, na ndani yake zilining'inia nywele za Maule, nyeusi na nzito, zikianza kudondosha jasho.